Miezi saba na boksi la mwanga: Likoni nyota nne, Limuru moja

Nianze na meli, maana ndiyo iliyonifunza tabia ya mtambo huu wa kuvusha intaneti hewani kwa mwali wa mwanga, paa hadi paa. Ilikuwa Jumanne ya pili baada ya kuufunga, saa nne asubuhi, niko juu ya paa upande wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, nafuta kioo kwa kitambaa cha miwani. Intaneti inakwenda kama maji. Mara simu ikaanza: mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Natazama taa ya boksi, nyekundu. Nainua uso kuelekea kisiwani, kisiwa hakipo. Mahali pake pana ukuta mweupe unaotembea polepole bila haraka ya mtu. Meli ya magari, zile zinazotuletea Vitz na Probox kutoka Japani, inaingia bandari ya Kilindini.

Meli ya namna hiyo ina urefu wa kama mita 200. Ikipita pale kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, hukata mwali kwa zaidi ya dakika moja, na boksi wakati huo lilichukua sekunde 40 nyingine kumtafuta mwenzake wa ng'ambo hadi washikane tena. Kwenye kijitabu cha watengenezaji kuna orodha ndefu ya mambo ambayo mwanga wao unayahimili: mtetemo, joto, vumbi, mvua. Meli haimo. Wala siwalaumu sana, nani aliwaambia kuna watu watakaoufunga mlangoni mwa bandari?

Mimi nina kampuni ndogo ya intaneti ya mtaani, wateja 640 hivi, karibu nusu yao wako Likoni. Mzigo wa intaneti naununua kisiwani, halafu inanibidi niuvushe maji. Kwa miaka mingi niliuvusha kwa redio ya gigahezi 5, ambayo alfajiri ilinipa megabiti 300 na saa mbili usiku, kila nyumba inapotazama mpira, ikashuka hadi 120. Masafa yale yamejaa kama feri ya saa kumi na mbili jioni. Faiba ya kukodi ipo, ila bei niliyotajiwa ilikuwa ya benki, si ya mtu anayelipwa kwa M-Pesa shilingi 1,500 kwa mwezi.

Ndipo nikapata jozi mbili za majaribio kutoka kwa kampuni changa ya Ulaya. Jina lake silitaji. Nina malalamiko nao, na walikuwa waungwana kwangu, wakisoma watajijua.

Boksi ni la kijivu, ukubwa wa ndoo ya lita 10, na kioo mbele. Moja hukaa huku, jingine kule, vioo vikitazamana. Kinachosafiri katikati ni leza ya nanomita 1,550, mwanga ule ule upitao ndani ya faiba, ila hapa faiba imeondolewa na kubaki hewa tupu. Jicho haliuoni, na hata kamera ya simu haiuoni. Wanaahidi gigabiti 10 kwa sekunde hadi kilomita 2. Na ubavuni, kwa herufi za rangi ya fedha, limeandikwa neno kwantamu, jina la fizikia ya vitu vidogo mno kama chembe za mwanga.

Neno hilo lilinigharimu siku tatu kabla sijafungua hata skrubu moja. Nilipokwenda kuyachukua maboksi, afisa mmoja aliusoma ubavu ule, akanitazama, akaniuliza mimi ni daktari wa wapi. Kwetu kwantamu ilifika kwanza kwa njia ya zile mashine za kushika kijiti, dakika mbili unachapishiwa karatasi kwamba ini lako lina mafuta na magoti yamekauka, kisha unauziwa dawa za miti shamba za elfu nane. Nilimweleza kwamba hiki ni chombo cha intaneti. Akaniuliza, "Sasa mbona kimeandikwa kama kile cha mamangu?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya nyumbani ni kulifungua. Dhamana ya majaribio iliniruhusu. Ndani nikakuta lenzi, kioo kidogo kinachosukumwa na vijimota, bodi ya umeme, na moduli ya faiba ya gigabiti 10, sawa na zile ninazozichomeka kwenye swichi zangu kila wiki. Sema wameipa lenzi nzuri na mkono unaotulia. Sasa hiyo kwantamu iko wapi? Nikaitafuta kwenye michoro waliyonitumia, nikaikuta pembeni mwa bodi: kipande cha chipu kidogo kuliko punje ya mchele. Kazi yake ni kuzalisha namba za bahati nasibu kwa kutazama jinsi fotoni, yaani chembe mojamoja za mwanga, zinavyoanguka ovyo, na namba hizo hutengenezea funguo za kusimbia data, yaani kuifumba asiisome mwingine.

Niwe mwadilifu hapa: chipu ya namna hiyo si utapeli. Namba zisizotabirika ni kitu adimu kwenye kompyuta, na fotoni kweli haitabiriki. Kampuni ya ID Quantique ya Geneva, Uswisi, iliyoanzishwa 2001 na watafiti wa chuo kikuu cha mji huo, imejijengea biashara juu ya jambo hilo. Mwaka 2020 chipu yao iliingia kwenye simu ya Samsung iliyouzwa Korea Kusini. Wanauza pia kitu kizito zaidi, mitambo ya kubadilishana funguo kwa fotoni mojamoja, ambayo mtu akichungulia njiani fotoni huharibika na wenyewe mkajua. Geneva waliitumia kulinda matokeo ya kura 2007, na Durban, Afrika Kusini, walikuwa nayo kwenye mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida wakati wa Kombe la Dunia 2010. Afrika hii hii, miaka ile, sisi huku tukitazama vuvuzela tu.

Lakini hiyo ni siri, si mbio. Ndipo ugomvi wangu na ule ubavu wa boksi ulipo. Fotoni mojamoja haiwezi kunakiliwa wala kukuzwa njiani kama tunavyokuza mwanga wa kawaida, iliyopotea imepotea. Hata ndani ya faiba nzuri, baada ya kilomita 100 ni fotoni moja tu kati ya 100 inayofika. Mwaka 2025 wanasayansi wa China na wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walitangaza kwamba wamepeana funguo kupitia setilaiti ndogo, umbali wa kilomita 12,900 kati ya nchi hizo mbili. Kazi kubwa, nawavulia kofia. Pita moja ya setilaiti iliwapa biti milioni 1.07 za ufunguo. Boksi langu la Likoni, kwa mwanga wake wa kawaida usio na hadithi, hupitisha kiasi hicho katika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mtu akikuuzia kasi kwa jina la kwantamu, muulize anauza kufuli au anauza barabara.

Najua kwa nini wanaliandika. Mwenye mtaji akisikia "tumeboresha lenzi" anapiga mwayo, akisikia kwantamu anatafuta kalamu. Ila waliotengeneza fedha kwa mwanga wengi wao waliuza vitu vya kuchosha. Kampuni ya Luxtera ilitoka kwenye utafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, mwaka 2001, ikakaa miaka yake ikitengeneza chipu za silikoni za kupitisha mwanga kwenye vituo vya data, na mwishoni mwa 2018 Cisco, wale wa vifaa vya mtandao, ikatangaza kuinunua kwa dola milioni 660. Vijana wangu wa Ulaya wana lenzi nzuri kweli. Wangeiandika hiyo ubavuni.

Turudi Likoni, maana huko ndiko nilikokubali kutoa nyota nne.

Umbali wa paa hadi paa ni mita 900 na kidogo. Kuyalenga maboksi kulituchukua mchana mzima, mimi huku na kijana wangu kule, tukipigiana simu kama watu wanaopanga posa. Ukikosea kwa miliradiani moja, pembe ambayo jicho haliitambui, mwali umehama karibu mita moja ng'ambo. Baada ya kushikana, vijimota vya ndani hufanya kazi vyenyewe, na hapo lazima niwasifu. Jengo la zege hujinyoosha mchana kwa jua na kurudi usiku, mlingoti hucheza upepo wa kusi ukivuma, na bado boksi linafuata. Tangu Januari sijapanda juu kuligeuza hata mara moja.

Kasi ipo. Tulipima gigabiti 9.4 pande zote mbili kwa saa sita bila kupotea kitu. Halafu nikacheka mwenyewe, kwa sababu mzigo ninaonunua kisiwani ni gigabiti 2, na usiku wa fainali wateja wangu wote wa ng'ambo walifika 1.6. Nimejenga barabara ya njia kumi nami nina matatu mawili. Lakini sikosi wenzangu. Wale wa Taara, mradi uliokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ulioanza kutokana na zile leza za maputo ya intaneti ya Loon yaliyopeperushwa juu ya Kenya 2020, waliweka mwali kama huu juu ya Mto Kongo kati ya Brazzaville na Kinshasa. Mtoni ni kilomita 4.8, kumbe faiba ingezunguka zaidi ya 400. Walitangaza 2021 kwamba ndani ya siku 20 zilipita karibu terabaiti 700, na njia ilikuwa hai asilimia 99.9 ya muda. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu: wastani wake ni gigabiti 3 na kidogo kwa sekunde, kwenye mtambo wa gigabiti 20. Nao walikuwa na njia nyingi kuliko magari. Kwa mtu wa mtaani faida yake si ile namba kubwa ya kwenye kijitabu. Ni kwamba saa mbili usiku haina tofauti na alfajiri. Na mwanga hauko kwenye masafa ya redio, kwa hiyo hakuna jirani wa kukuingilia wala ada ya masafa.

Vikwazo vya Likoni, ukiacha meli, vilikuwa vya nyumbani. Wiki ya tatu mtambo ulikufa saa tatu asubuhi, bahari nyeupe, hakuna chombo chochote mlangoni. Nikavuka feri, nikapanda ghorofa tano. Bibi mwenye jengo yuko juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho kidude chako chafanya nini na taa nyekundu?"

Mbele ya kioo, kwenye kamba mpya iliyofungwa kwenye mlingoti wangu, imeanikwa doti ya kanga. Nikamweleza kwamba mwanga unapita pale. Akatazama, hauoni. Akaniuliza kama unachoma nguo. Nikamwambia hauchomi. Akauliza macho ya wajukuu. Swali zuri, na ndilo ambalo muuzaji yeyote anatakiwa alijibu kabla ya kufunga: mwanga wa nanomita 1,550 huishia sehemu ya mbele ya jicho kabla haujafika kwenye retina, ndiyo maana viwango vya usalama huruhusu uwe na nguvu kuliko leza nyekundu za kuchezea, na huu ulithibitishwa kuwa wa daraja la chini kabisa la hatari. Akakubali. Tukahamisha kamba mita mbili, nikamnunulia vibanio vipya. Tangu siku hiyo ndiye mlinzi wangu, meli kubwa ikitokeza hunipigia: "Linakuja jumba lako."

Kunguru hukata kwa nukta moja na mteja hajui. Jua halijatusumbua kwa sababu mwali wetu unakwenda kaskazini na kusini. Angekuwa mtu anayetazama mashariki, kila macheo jua lingemwingia kwenye kioo. Masika ya mwaka huu yalikuwa mtihani niliouogopa, na yalipita. Mvua kubwa kuliko zote niliyoirekodi ilishusha mwanga kwa desibeli 11, yaani ukabaki chini ya sehemu moja ya kumi, na mtambo una akiba ya zaidi ya 20. Adui wa kweli ni chumvi. Wiki tatu za kusi bila kufuta kioo hula desibeli 4. Kijitabu kinasema usafishe mara mbili kwa mwaka. Hapa Mombasa ni mara mbili kwa mwezi, na maji yawe yasiyo na chumvi, usije ukafuta chumvi kwa chumvi ya kisima.

Redio yangu ya zamani sijaing'oa. Meli ikipita, rauta huhamisha mzigo kwenye redio ndani ya sekunde moja, watu wanaona picha imekuwa mbaya kidogo, jumba linapita, tunarudi. Mtu yeyote atakayekufungia mwanga bila redio ya akiba, mfukuze.

Limuru sasa. Jozi ya pili nilimpa mwenzangu mwenye biashara kama yangu huko juu, mita zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, aunganishe ofisi mbili zilizoachana kilomita 1.4 juu ya mashamba ya chai. Mei ilikwenda vizuri, akanitumia picha za grafu na vidole gumba. Juni grafu zikaanza kuwa na mapengo ya alfajiri. Julai, anayeijua Limuru ya Julai hahitaji kuelezwa. Ukungu unalala juu ya chai mpaka saa nne, siku nyingine mpaka saa sita.

Watu hudhani mvua ndiyo mbaya kwa mwanga. Tone la mvua ni kubwa, mwanga mwingi unapita kando yake. Ukungu ni vitone vidogo mno, vinavyokaribiana na urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, na viko vingi kupita hesabu. Kila kimoja hutawanya mwanga pande zote. Ukungu wa kuona mita 200 mbele hula desibeli zaidi ya 80 kwa kilomita. Desibeli 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi, 20 moja ya mia, endelea mwenyewe uone 80 inakufikisha wapi. Hakuna lenzi inayoshinda hesabu hiyo. Redio ya gigahezi 5, ile ninayoidharau huku pwani, hupita kwenye ukungu bila hata kukohoa.

Nilipowauliza mbona kijitabu chao kinasema kilomita 2, walinijibu kwamba ni "katika hali ya hewa safi". Mstari huo upo, kweli, ukurasa wa mwisho, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Julai nzima mtambo wa Limuru ulikuwa hai asilimia 71 ya muda. Mwenzangu alirudi kwenye redio, na vile vidole gumba sijaviona tena.

Malalamiko yangu makubwa kuliko yote hayahusu mwanga kabisa. Ni programu yao. Ili uingie kwenye mtambo kuurekebisha ni lazima uingie kupitia seva yao huko Ulaya. Fikiria: intaneti imekatika kwa sababu boksi limekatika, na ili ulitengeneze boksi unahitaji intaneti. Usiku mmoja stima ilipotea Likoni, ikarudi, boksi likasahau mipangilio yake. Nilikaa juu ya paa saa saba usiku nimewasha bando la simu, nasubiri ukurasa wa seva iliyo umbali wa nchi nyingi ufunguke, ili nizungumze na kidude kilicho mbele ya goti langu. Tundu la waya lipo ubavuni. Wamelifunga kwa sababu za usalama, walisema. Ile chipu ya namba za bahati nasibu inalinda funguo, sawa, halafu mlango wenyewe wameuweka Ulaya.

Huduma yao kwa barua pepe ni ya adabu na hujibu siku inayofuata. Mhandisi wao mmoja aliniomba picha za meli, akaniambia wameibandika ofisini. Mwezi wa sita walileta toleo jipya la programu linalopunguza muda wa kushikana tena kutoka sekunde 40 hadi 15. Hilo walilifanya kwa sababu yangu, na nyota ya nne imetoka hapo.

Bei ya jozi ni kama ya Probox moja safi iliyotumika. Niliwaandikia kwamba nitanunua ya Likoni wakinitolea ile chipu na kupunguza bei. Wakajibu kwamba chipu imechomelewa kwenye bodi, haitoki, ila watanipunguzia asilimia 15 na kunifungulia tundu la waya. Nimelipa wiki iliyopita. Jozi ya Limuru iko ofisini kwangu ndani ya katoni yake, nasubiri waseme nani analipa usafiri wa kuirudisha.